SOMO LA KUMI NA MBILI: MPIRA UNAOPINDA HEWANI

Ukirusha jiwe mbele yako, hupanda kidogo, kisha huanguka chini. Nguvu ya mvutano wa dunia ndiyo inayoliangusha. Kama hakuna upepo, jiwe hilo haligeuki kushoto wala kulia, bali huenda moja kwa moja mpaka lifike ardhini.

Sasa fikiri juu ya mpira wa miguu. Mchezaji hodari apigapo kona huweza kuutuma mpira kana kwamba unapita nje ya goli. Lakini ukiwa bado hewani, mpira huo hupinda na kuingia golini bila kuguswa na mtu mwingine. Ni kitu gani kilichougeuza? Mguu wa mpigaji ulikwisha kuuacha zamani, na huenda siku hiyo hapakuwa na upepo hata kidogo.

Katika somo hili utajifunza chanzo cha jambo hilo. Tutatumia mfano wa mpigo wa kwanza katika mchezo wa gofu, kwa sababu mpira wa gofu huruka mbali sana, na kupinda kwake huonekana wazi.

1. Mchezo wa gofu

Gofu ni mchezo wa zamani wa watu wa Scotland. Mwaka 1457 Bunge la nchi hiyo liliupiga marufuku, kwa sababu watu waliupenda mno wakaacha kujifunza kutumia upinde na mishale. Hata hivyo mchezo haukufa. Siku hizi unachezwa katika nchi nyingi, na viwanja vyake vipo pia Dar es Salaam, Arusha, Moshi, Nairobi na Kampala.

Mchezaji wa gofu hutumia fimbo yenye kichwa kigumu kuupiga mpira mdogo mpaka uingie katika kishimo kilichoko mbali. Mshindi ni yule anayetumia mipigo michache zaidi. Kwa mpigo wa kwanza, mpira huwekwa juu ya kijiti kifupi kilichochomekwa ardhini, na mara nyingi mchezaji hutumia fimbo iliyo ndefu kuliko zote alizo nazo.

Kwa kufuata sheria za mchezo, mpira wa gofu hauruhusiwi kuwa mzito kupita gramu 45.93, wala kuwa na kipenyo kilicho chini ya milimita 42.67. Basi ni mdogo kuliko chungwa. Mchezaji hodari huweza kuutuma kwa mwendo wa mita 70 kwa sekunde, nao ukaenda umbali wa mita 250 au zaidi. Umbali huo unazidi urefu wa viwanja viwili vya mpira wa miguu.

Zipo njia za gofu ambazo hazikunyooka. Kwa mfano, njia ya 13 katika kiwanja cha Augusta, kilichoko Georgia, Marekani, hupinda kuelekea kushoto. Upande wa kushoto kuna kijito, na upande wa kulia kuna misonobari mirefu. Mpira ukienda moja kwa moja waweza kuishia mitini. Mchezaji anayejua kuupinda mpira kuelekea kushoto hupata faida kubwa hapo.

Yatupasa kukumbuka jambo moja. Kichwa cha fimbo hugusana na mpira kwa muda wa nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde tu. Ukipepesa jicho mara moja, muda kama huo umekwisha kupita zaidi ya mara mia. Baada ya hapo mchezaji hawezi kufanya lolote tena. Akiinama, akipiga kelele, au akiupungia mpira mkono, mpira haumsikii. Umebaki na vitu viwili tu vinavyoweza kuugeuza: mvutano wa dunia na hewa. Mvutano wa dunia huvuta kuelekea chini tu. Kwa hiyo kinachoupeleka mpira kushoto au kulia ni lazima kiwe hewa.

Je, hewa huwezaje kuugeuza mpira?

2. Jaribio la kwanza: Mrija wa karatasi

Vifaa: karatasi moja ya daftari, gundi au uji mzito wa muhogo, ubao mdogo, vitabu vitatu, kipande cha mti cha mviringo kilicho kizito, meza.

Namna ya kufanya:
(a) Kunja karatasi upate mrija wenye upana wa vidole vitatu hivi. Gandisha ukingo wake kwa gundi. Acha mrija ukauke.
(b) Weka ubao juu ya meza. Inua upande mmoja wa ubao kwa vitabu ili uwe mteremko. Upande wa chini wa ubao ufike kwenye ukingo wa meza.
(c) Funga madirisha ili upepo usiingie.
(d) Weka kipande cha mti juu ya mteremko, ukiachie kibingirike na kuanguka. Tia alama mahali kilipoanguka sakafuni.
(e) Fanya vivyo hivyo kwa mrija wa karatasi. Rudia mara tano.

Umeona nini? Kipande cha mti huanguka mbele ya meza. Mrija wa karatasi hauendi mbele vile. Ukiwa unaanguka, hugeuka na kurudi nyuma, pengine hata ukaingia chini ya meza!

Vitu vyote viwili vilikuwa vikizunguka wakati wa kuanguka. Mti ni mzito, hivyo hewa haikuweza kuusukuma sana. Mrija ni mwepesi, hivyo hewa iliusukuma kwa urahisi. Jaribio hili linatuonyesha kwamba kitu kinachozunguka huku kikipita hewani husukumwa na hewa upande mmoja.

3. Jaribio la pili: Pua ya chungwa

Vifaa: chungwa, kijiti chembamba kilichonyooka, kipande cha mkaa.

Namna ya kufanya: Choma kijiti katikati ya chungwa, kitokeze pande zote mbili. Kijiti hicho ni mhimili, yaani mstari ambao chungwa linauzunguka. Fikiri kwamba chungwa linaruka kwenda mbele, mbali nawe. Kwa mkaa, tia alama upande wa mbele wa chungwa. Alama hii tutaiita pua. Upande wa nyuma, unaokutazama wewe, tutauita kisogo.

(a) Shika mhimili usimame wima. Zungusha chungwa ili pua iende kulia. Kisogo kinakwenda wapi? Kinakwenda kushoto.

(b) Sasa laza mhimili, ncha moja iwe kushoto kwako na nyingine kulia kwako. Zungusha chungwa ili pua ipande juu. Kisogo kinashuka chini.

Mpira unapozunguka hewani, huikokota hewa iliyo karibu sana nao. Hewa hiyo hupita ubavuni mwa mpira na kuuacha kwa nyuma, kwenye kisogo. Kama kisogo kinakwenda kushoto, hewa nayo hutupwa kushoto. Na mpira ukiitupa hewa kushoto, hewa huusukuma mpira kulia.

Jambo hili si geni kwako. Mvuvi aliye katika mtumbwi huyasukuma maji nyuma kwa kafia lake, na mtumbwi huenda mbele. Mtu akisukuma kitu, kitu hicho humsukuma naye kwa kuelekea upande wa pili. Mpira na hewa hufanya vivyo hivyo.

Basi tumepata kanuni iliyo rahisi kukumbuka:

MPIRA UNAOZUNGUKA HUFUATA PUA YAKE.

Pua ikizunguka kwenda kulia, mpira hupinda kulia. Pua ikienda kushoto, mpira hupinda kushoto. Pua ikipanda, hewa huunyanyua mpira. Pua ikishuka, mpira huanguka upesi.

Sasa rudi kwenye mrija wa karatasi. Ulikuwa ukianguka chini, kwa hiyo pua yake ilikuwa upande wa chini. Pua hiyo ilikuwa ikizunguka kuelekea wapi? Angalia vizuri, nawe utaona kwamba ilielekea kwenye meza. Ndiyo maana mrija ulirudi.

4. Fimbo huuzungushaje mpira?

Fanya jaribio hili dogo. Toa kijiti katika chungwa. Weka chungwa mezani mbele yako, pua ikiwa mbele. Weka kiganja chako nyuma ya chungwa, kikigusa kisogo. Sasa kitelezeshe kiganja kuelekea kushoto huku ukiligusa chungwa. Msuguano wa kiganja hukivuta kisogo kushoto, na pua huenda kulia.

Uso wa kichwa cha fimbo hufanya kama kiganja chako. Wakati wa mpigo, mambo mawili ni muhimu:

Kwanza, uso wa fimbo unatazama wapi? Mpira huanza safari yake karibu sana na upande ule ambao uso unautazama.

Pili, mapito ya fimbo yanaelekea wapi? Mapito ni njia ambayo kichwa cha fimbo kinapita kinapougusa mpira.

Kama uso na mapito vinaelekea upande mmoja, mpira hauna sababu ya kupinda kushoto wala kulia. Lakini kama mapito yanaelekea kushoto kuliko uso unavyotazama, fimbo hukivuta kisogo cha mpira kushoto. Pua huenda kulia, na mpira hupinda kulia. Kama mapito yanaelekea kulia kuliko uso, mpira hupinda kushoto. Kadiri uso na mapito vinavyoachana, ndivyo mpira unavyopinda zaidi.

Tena, uso wa fimbo haukusimama wima kabisa. Umelala kidogo kuelekea juu. Kwa sababu hiyo pua ya mpira hupanda, na hewa huunyanyua mpira. Bila mzunguko huo, mpira ungeanguka mapema.

Huenda ukauliza: Je, mpira mmoja waweza kuzunguka kwa namna mbili, pua ikipanda na pia ikienda kulia? Chomeka tena kijiti katika chungwa. Laza mhimili kama ulivyofanya katika (b), kisha shusha kidogo mkono wako wa kulia. Zungusha. Pua sasa inapanda na kwenda kulia kwa pamoja. Mpira una mhimili mmoja tu, lakini mhimili huo umeinama. Ukiinama kulia, mpira hupinda kulia. Ukiinama kushoto, mpira hupinda kushoto. Hata ndege akitaka kugeuka, huinamisha mabawa yake upande anaokwenda.

5. Kosa la mchezaji mgeni

Mchezaji mgeni atumiaye mkono wa kulia mara nyingi huona mpira wake ukipinda kulia na kupotelea vichakani. Naye hufikiri hivi: "Mpira unakwenda kulia. Basi nipige kuelekea kushoto zaidi." Anapiga tena, akipitisha fimbo kushoto zaidi kuliko mara ya kwanza. Je, unafikiri mpira utafanya nini?

Soma tena sehemu ya 4 kabla ya kuendelea.

Mapito ya fimbo yamekwenda kushoto zaidi, lakini uso bado unatazama kulia kwa mapito hayo. Uso na mapito vimeachana kuliko awali. Kisogo kimevutwa kushoto kwa nguvu zaidi, na mpira umepinda kulia kuliko mwanzo! Mchezaji huyo ana bidii, lakini kila anapoongeza bidii, ndivyo anavyoongeza kosa. Ametibu dalili bila kujua chanzo.

Dawa ya kweli ni kuvirudisha uso na mapito vielekee karibu upande mmoja. Na mchezaji hodari anayetaka mpira upinde kushoto, kama katika njia ile ya Augusta, hupitisha fimbo kuelekea kulia kidogo, na uso wa fimbo hutazama kushoto kidogo kwa mapito hayo. Mpira huanza kulia, kisha hurejea kushoto taratibu.

6. Watu waliochunguza jambo hili

Mwaka 1672 Isaac Newton wa Uingereza aliandika kwamba alikuwa ameona mpira wa tenisi ukipinda baada ya kupigwa na raketi iliyoelekezwa upande. Mwaka 1852 Gustav Magnus wa Ujerumani alieleza nguvu inayokisukuma kitu kinachozunguka hewani. Mpaka leo nguvu hiyo huitwa kwa jina la Magnus.

Katika miaka ya 1890, Peter Guthrie Tait, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Edinburgh huko Scotland, aliuchunguza mpira wa gofu. Wakati huo wachezaji wengi walidhani kwamba mpira uliopigwa vizuri hauzunguki, na kwamba kuzunguka ni dalili ya mpigo mbaya. Tait hakuridhika na maneno matupu. Alifunga ncha moja ya utepe mrefu kwenye mpira, na ncha ya pili akaifunga ardhini. Utepe ulikuwa umenyooka bila kusokotwa. Kisha mchezaji mzuri aliupiga mpira ukutane na ukuta wa udongo mgumu uliokuwa karibu. Utepe ulipotazamwa, ulikuwa umesokotwa. Kwa kuhesabu misokoto, Tait alikadiria kwamba mpira ulizunguka kati ya mara 40 na 120 kwa sekunde moja.

Kwa utepe tu, mwalimu huyo alionyesha kwamba mpira uliopigwa vizuri nao huzunguka, na kwamba mzunguko wa pua kupanda ndio unaoufikisha mbali. Hakuhitaji mashine ya gharama kubwa. Alihitaji swali zuri na njia ya kulijaribu.

7. Vijishimo vya mpira wa gofu

Ukiushika mpira wa gofu, utaona kwamba si laini. Mipira mingi ina vijishimo kati ya 300 na 500. Tangu mwaka 1848 wachezaji walitumia mipira iliyotengenezwa kwa utomvu mgumu wa mti. Mipira mipya, iliyokuwa laini, haikuruka vizuri. Ile iliyokwaruzwa kwa kuchezewa iliruka vizuri zaidi. Basi mafundi wakaanza kuitia alama mipira mipya kwa makusudi, na baadaye vikaja vijishimo.

Vijishimo huifanya hewa iliyo karibu na mpira iufuate uso wake kwa kitambo kirefu zaidi kabla ya kuuacha. Hivyo hewa iliyovurugika nyuma ya mpira hupungua, na mpira haucheleweshwi sana.

8. Kama hakuna hewa

Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,600. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko hewa ya Dar es Salaam, iliyoko pwani. Kwa hiyo mpira uliopigwa sawasawa huenda mbali zaidi Nairobi, lakini hupinda kidogo kuliko Dar es Salaam.

Mwezini hakuna hewa ya kuusukuma mpira. Mwezi wa Februari mwaka 1971, Alan Shepard, mwanaanga wa Marekani, alipiga mipira miwili ya gofu akiwa juu ya mwezi. Mwenzake aliyekuwa duniani alimtania kwa redio kwamba mpigo wake ulionekana kupinda. Ulikuwa mzaha tu. Ukisoma somo hili vizuri, utaweza kueleza kwa nini.

Mambo ya kukumbuka

1. Mpira ukisha kuacha fimbo au mguu, hugeuzwa na hewa na mvutano wa dunia tu.
2. Mpira unaozunguka huitupa hewa upande mmoja, na hewa huusukuma mpira upande wa pili.
3. Mpira unaozunguka hufuata pua yake.
4. Katika gofu, mpira hupinda kwa sababu uso wa fimbo na mapito yake havielekei upande mmoja.
5. Kabla ya kurekebisha kosa, tafuta kwanza chanzo chake.

Maswali

1. Kwa nini mrija wa karatasi ulirudi kuelekea meza, lakini kipande cha mti hakikurudi?
2. Pua ya mpira inazunguka kwenda kushoto. Kisogo kinakwenda wapi? Hewa inatupwa wapi? Mpira unapinda wapi?
3. Chora mpira katika daftari lako kama unavyoonekana kutoka juu. Onyesha kwa mishale: upande mpira unakokwenda, upande unaozunguka, na upande unaopinda.
4. Utepe umesokotwa mara 2 katika muda wa 1/30 ya sekunde. Kwa mwendo huo, mpira ungezunguka mara ngapi kwa sekunde moja?
5. Je, mpira uliopigwa na Alan Shepard ungeweza kupinda kulia au kushoto huko mwezini? Toa sababu.
6. Rafiki yako anasema, "Mpira wangu hupinda kulia, kwa hiyo nitapitisha fimbo kushoto zaidi." Mshauri.

Kazi ya kikundi

Nendeni uwanjani na mpira wa miguu siku isiyo na upepo. Mmoja aupige mpira upande wake wa kulia, kisha upande wake wa kushoto, kisha katikati. Wengine wasimame nyuma yake na kuandika mpira ulipinda wapi kila mara. Pigeni mara kumi kwa kila upande. Kabla ya kupiga, kila mmoja aandike anachotazamia. Mwishoni linganisheni mliyoyatazamia na mliyoyaona. Kama hayalingani, msiyafute mliyoyaona, tafuteni sababu.